Mkono Utulizao Moyo: Somo la Kuwafunza Watoto Wenye Usonji Kuituliza Nafsi kwa Sauti, Rangi na Kazi za Mikono

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaumba waja wake kwa tabia mbali mbali na ndimi mbali mbali. Na sala na salamu zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Amma baad. Somo hili limewekwa kwa ajili ya baba aliye na mtoto wa namna ya peke yake. Akiitwa jina lake hageuki. Akitazamwa usoni huyaepuka macho. Mchezo wake ni kuvipanga vifuu vya nazi safu moja tangu asubuhi hatta adhuhuri. Na likiharibika jambo dogo katika mpango wake hupiga kelele, hujiuma mkono, hujigonga kichwa ukutani, na nyumba nzima haijui la kufanya. Mtoto huyu ameitwa majina mengi mitaani: mtukutu, zuzu, mwenye shetani, mtoto aliyerogwa. Jina lililo sahihi ni mtoto mwenye usonji. Na wengine husema tawahudi, kwa kuifuata lugha ya Kiarabu.

Makusudio ya somo ni mamoja: kumwonyesha baba kwamba tufani ile ya mtoto si uasi wala si jini, na kwamba iko njia ya kumfunza kuituliza pasipo fimbo wala kamba, nayo ni njia ya sauti, ya rangi, ya udongo na ya uzi. Njia hii haitaki mali nyingi. Yataka subira, na yataka baba aketi chini kando ya mwanawe.

FASILI YA KWANZA
Usonji ni nini

Usonji ni hali ya ubongo ambayo mtoto huzaliwa nayo. Hauambukizi, wala si wazimu, wala hauletwi na malezi mabaya. Alama zake kubwa ni mbili. Ya kwanza ni uzito katika kuzungumza na kuchanganyika na watu. Ya pili ni kushikamana na mambo yale yale kwa mpango ule ule, pamoja na masikio, macho, pua na ngozi zipokeazo mambo ama kupita kiasi ama chini ya kiasi. Na watoto hawa hawafanani wao kwa wao: mmoja hasemi neno umri wake wote, na mwingine huhifadhi juzuu nzima, na asijue kuomba maji ya kunywa.

Wala si wachache. Shirika la Afya Ulimwenguni lakadiria kwamba katika mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 alikuwa na hali hii. Kwa hesabu hiyo hapana mji wa pwani usio nao. Walio wengi wamefichwa nyuma ya mapazia. Na mwaka 2007 Umoja wa Mataifa, kwa shauri lililoletwa na dola ya Qatar, uliiweka tarehe 2 Aprili ya kila mwaka kuwa siku ya kuwakumbusha watu khabari za usonji.

Katika miaka ya 1920 tabibu mwanamke wa Moscow, Grunya Sukhareva, alikwisha kuwaeleza watoto wa namna hii. Kisha mwaka 1943 tabibu Leo Kanner, wa hospitali ya Johns Hopkins katika mji wa Baltimore, Marekani, aliandika khabari za watoto 11, wanaume 8 na wanawake 3, na tangu hapo hali hii ikajulikana sana. Mmoja katika watoto hao, alipokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, aliweza kuimba nyimbo nyingi bila ya kukosea sauti zake. Basi tangu mwanzo wa elimu hii ilionekana kuwa mlango wa maneno wawezakuwa umefungwa, na mlango wa sauti uko wazi.

Baadaye watu wa Marekani na Ulaya walipotea njia kwa miaka mingi: walimsingizia mama, wakasema kwamba ubaridi wa mapenzi yake ndio uliomharibu mtoto. Kauli hiyo ilienezwa sana na kitabu alichokitoa Bruno Bettelheim mwaka 1967. Lakini mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter waliwachungua mapacha jozi 21 huko Uingereza, ikadhihiri kwamba asili ya hali hii ina sehemu kubwa ya maumbile na urithi. Mama akatoka katika lawama huko. Huku pwani bado yumo: huambiwa alipita makaburini jioni naye ana mimba, au alimkasirisha bibi fulani, au ukoo wake una mkosi, na huenda akapewa talaka kwa jambo ambalo hana mkono nalo.

Ama baba atakaye kumsomea mwanawe dua, na amsomee. Hilo ni jema kwa kila mtoto. Walakini kumfunga, kumfukiza moshi hatta apaliwe, na kumpiga ili shetani atoke, ni dhuluma kwa mtoto ambaye sheria yenyewe haijamwandikia dhambi.

FASILI YA PILI
Tufani hutoka wapi

Yapasa kupambanua baina ya mambo mawili yaliyofanana kwa nje. Mtoto aliaye kwa kutaka halua hulia huku akimtupia baba jicho, aone kama kilio kinafanya kazi, akipewa, hunyamaza, asipotazamwa, huchoka. Mtoto wa usonji aliyeshikwa na tufani hamtazami mtu. Halii ili apewe kitu, na hatta akipewa hanyamazi. Wa kwanza anataka jambo. Wa pili amezidiwa.

Mfano wake ni mtungi uliowekwa chini ya mchirizi wa mvua. Kila sauti, kila harufu, kila mguso ni tone liingialo. Watoto wengine mtungi wao una tundu chini, maji huingia na kutoka. Huyu mtungi wake hauna tundu: hujaa kidogo kidogo, hatta likaja tone moja ukafurika. Mathalani siku ya Idi. Asubuhi amevishwa kanzu mpya iliyotiwa wanga, nayo yamwasha shingoni. Msikitini vipaza sauti vimempasua masikio. Nyumbani udi umejaa chumbani; watu thelathini wamempa mkono na kumbusu; mchana kapelekwa penye bembea na baragumu. Jioni mama anamwambia, "Vua kofia, mwanangu," na hapo hapo mtoto anajitupa chini na kupiga mayowe. Watu husema, "Yote hii kwa sababu ya kofia!" Kofia ilikuwa tone la mwisho.

Iko na sababu ya pili. Wataalamu walipozikusanya chunguzi nyingi mwaka 2019, waliona kwamba takriban nusu ya watu wenye usonji huwawia vigumu kuyatambua na kuyataja yaliyomo nyoyoni mwao. Moyo wampiga mbio, tumbo lamkaza, jasho lamtoka. Naye hajui kuwa hii ni khofu, au ni njaa, au ni ghadhabu. Na asiyejua jina la maradhi yake atamwambia nini tabibu? Hubaki na yowe tu.

Basi mtoto huyu ana haja mbili: apate tundu la kuupunguzia mtungi wake kila siku kabla haujafurika, na apate njia ya kuonyesha yaliyo moyoni pasipo kutegemea ulimi. Kazi za sanaa hutimiza haja zote mbili, na hii ndiyo sababu ya kutumiwa.

FASILI YA TATU
Jambo hili si geni

Huenda mtu akadhani kwamba kutuliza nafsi kwa sauti ni uzushi wa siku hizi. Sivyo. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, sawa na 1111 Miladia, katika kitabu chake cha Ihya ametaja namna mtoto mchanga anyamazavyo kitandani kwake kwa sauti nzuri, na namna ngamia asahauvyo uzito wa mzigo kwa kuimbiwa na mchungaji wake. Akajulisha kwa mfano huo kwamba athari ya sauti katika nyoyo ni jambo la maumbile, lipatikanalo hatta kwa asiyefahamu maneno.

Na mwaka 1488 Sultani Bayezid wa Pili alijenga hospitali katika mji wa Edirne, nchi ya Uturuki. Msafiri Evliya Çelebi, aliyefika huko katika karne ya 17, ameandika kwamba waimbaji na wapigaji 10 walikuwa wamewekwa hapo, nao huja mara 3 kwa wiki kuwatumbuiza wagonjwa wa mwili na wa akili. Jengo hilo lasimama hatta leo, nalo ni makumbusho ya khabari za uganga wa kale. Katika zama hizo pahala pengi Ulaya wagonjwa wa akili wakifungwa minyororo.

Ama elimu ya sasa, mmoja katika misingi yake uliwekwa mwaka 1959, walipokutana Paul Nordoff, mtunzi wa muziki wa Kimarekani, na Clive Robbins, mwalimu wa Kiingereza, katika makao ya watoto ya Sunfield, jimbo la Worcestershire, Uingereza. Waliyoyazidisha juu ya desturi ya zamani ni haya: hawakumpigia mtoto ili asikilize, bali walipiga pamoja naye. Mtoto akigonga, mwalimu hugonga kwa mwendo wake. Mtoto akilia, mwalimu hukishika kilio kile akakifanya wimbo. Kwa hivyo mtoto ambaye siku zote hufuata amri za watu, siku hiyo huona kwamba kuna mtu anayemfuata yeye.

FASILI YA NNE
Sauti na dufu

Watu wengi hudhani kwamba mtoto asiyeufahamu uso wa mtu hana hisia. Mwaka 1999 Pamela Heaton na wenzake, huko London, waliwasikilizisha watoto wenye usonji vipande vya muziki, vya furaha na vya huzuni, wapambanue. Walipambanua sawa na watoto wengine. Basi moyo umo, na huzuni huijua; lililokosekana ni njia ya kufikia.

Ama hukumu yake, maulamaa wamekhitalifiana juu ya ala za muziki, na khasa za nyuzi na za kupuliza. Lakini katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani, dufu ni halali katika arusi na tohara. Na Imamu Nawawi katika Minhaj ameitia nguvu kauli ya kuwa ni halali hatta katika mambo mengine. Basi baba aogopaye shubuha ana dufu, ana kasida, na ana sauti yake mwenyewe. Na hivyo vyatosha. Ama Kurani ni ibada, na mtoto akitulia kwa kuisikiliza ni kheri. Lakini isifanywe ala ya mchezo, ikaanzwa na kukatizwa kila mara.

Na namna ya kufanya ni hivi.

Kwanza: uchaguliwe wakati mmoja usiobadilika, mathalani baada ya alasiri, na mkeka ule ule, na dakika 10 tu mwanzoni. Mtoto huyu hupata amani kwa kujua litakalokuja. Wala asianzwe kufunzwa ndani ya tufani, kwani hapana mtu afunzwaye kuogelea wakati anapozama.

Pili: apewe dufu alishike, alipapase, auweke mkono juu ya ngozi yake baba anapoligusa kwa kidole, ausikie mtetemo. Siku ya kwanza ikiishia hapo si hasara.

Tatu: mtoto akipiga, baba amfuate. Akipiga mbio, apige mbio, lakini kwa sauti ndogo. Watakapokuwa pamoja barabara, baba apunguze mwendo kidogo kidogo, na aghlabu mtoto naye hupunguza. Nahodha mwema hakigeuzi chombo kwa ghafula mbele ya upepo. Hukifuata kwanza, kisha hukipinda. Anayemwambia mtoto mwenye ghadhabu "Tulia!" ameanzia mwisho wa safari.

Nne: uwepo mchezo wa kupiga na kunyamaza. Wapige pamoja, kisha baba ainue mkono, wanyamaze wote wawili. Kisha waanze tena. Katika kimya kile kifupi mtoto hujifunza jambo ambalo fimbo haikuweza kumfunza, nalo ni kuuzuia mkono wake mwenyewe.

Tano: mwendo upewe jina. Mwendo wa mbio uitwe "hasira", wa polepole uitwe "raha", wa kugonga mara moja moja uitwe "huzuni". Iko siku mtoto asiyesema atakuja na dufu akapiga ule wa hasira, na baba atajua kabla mtungi haujafurika.

Sita: mazoezi yakhitimishwe kila siku kwa kasida moja, isiyobadilishwa. Baada ya miezi kasida hiyo huwa kama bandari: huimbwa polepole njiani, au katika chumba cha daktari, na mtoto akajua kuwa amefika pahala pa amani.

Na baba ajue kiasi cha faida, asidanganywe. Mwaka 2022 zilikusanywa chunguzi 26, zilizokuwa na watu 1,165, juu ya tiba ya muziki kwa wenye usonji. Ikaonekana kwamba walioipata walikuwa na nafuu zaidi kwa jumla, na maisha yao yalikuwa mema zaidi, ijapokuwa katika kusema na kuchanganyika na watu haikuonekana tofauti iliyo wazi. Kabla ya hapo, mwaka 2017, ulitolewa uchunguzi wa watoto 364 katika nchi 9, uliopima alama za usonji katika kuchanganyika na watu baada ya miezi 5, tofauti haikuonekana. Basi sanaa haiondoi usonji, na anayeuza muziki kwa jina la dawa ya kuuondoa ni mwongo. Kinachotafutwa hapa ni mtoto apate utulivu na maisha mema zaidi akiwa na hali yake. Na hilo, kwa mzazi aliyelala usiku mmoja kando ya mtoto anayejigonga kichwa, si jambo dogo.

FASILI YA TANO
Rangi, udongo na uzi

Mfano mashuhuri ni wa Stephen Wiltshire, aliyezaliwa London mwaka 1974. Alipokuwa mdogo hakuwa akisema, na kazi yake ilikuwa kuchora. Walimu wa skuli yake walimnyima karatasi kwa muda ili aombe. Na neno lake la kwanza likawa "karatasi". Mwaka 2005 aliruka juu ya mji wa Tokyo kwa helikopta safari fupi tu, kisha akauchora mji huo kwa kukumbuka, katika kitambaa cha urefu wa mita 10. Walakini baba asimtazamie mwanawe awe kama yeye. Walio hivyo ni wachache mno, na mtoto asiyechora mji ana haki ile ile ya kupewa kalamu. Mazingatio yako katika neno lile la kwanza: lilitoka kwa sababu ya kitu alichokipenda.

Na anayechelea mambo ya picha, akumbuke kuwa Ibn Abbas alimpa mchoraji ruhusa ya miti na vitu visivyo na roho. Navyo vimejaa tele: mnazi, mawimbi, jahazi lenye tanga, nyota, na nakshi za milango ya Lamu na Unguja. Tena nakshi humfaa mtoto huyu kuliko vyote, kwa sababu ua moja hurudiwa mara ishirini, na kurudia ndiko akupendako. Tabia waliyomlaumu kwayo huwa hapa ndiyo ustadi wake.

Rangi. Apewe karatasi na kalamu za rangi tatu au nne, zisiwe nyingi. Kila jioni baba achore duara, na mtoto alijaze rangi aitakayo. Rangi isilazimishwe maana: huyu nyekundu ni ghadhabu, yule nyekundu ni furaha ya boga la sikukuu. Karatasi ziwekwe kwa tarehe. Baada ya mwezi baba akizitandika ataona jambo: siku za soko ni nyeusi, siku za pwani ni samawati. Hapo mtoto amesema, na karatasi imekuwa ulimi wake. Wala baba asiulize, "Hii nini?" wala asisahihishe. Na aketi naye achore yake.

Udongo. Kuufinyanga udongo, kuuminya na kuupigapiga, huwatuliza watoto wengi, kwa kuwa shinikizo la viganja huwapa amani. Mtoto aliyezoea kujiuma mkono afunzwe kulikimbilia bonge la udongo alibane. Ghadhabu ile ile hupata pahala pengine pa kushukia. Wako wachukiao majimaji. Hao wapewe unga uliokandwa mkavu, au mchanga wa pwani katika sinia. Wahenga wamesema: udongo uwahi ungali maji. Watu huitumia methali hii kuhalalisha fimbo. Lakini mfinyanzi haupigi udongo kwa fimbo, huufuata kwa vidole.

Uzi na ukili. Kushona kofia za mkono ni kazi ya wanaume wa Lamu tangu zamani, tundu kwa tundu, na nakshi ikijirudia. Kusuka ukili nako ni hivyo: miyaa hupita juu, hupita chini. Kazi hizi zina mwendo mmoja kama wa pumzi, na mikono ikishughulika moyo hutua. Mtoto aanze kwa kutunga vifungo katika uzi mnene, kisha sindano butu, kisha sindano kamili atakapokuwa salama nayo.

FASILI YA SITA
Mambo ya kujihadhari

La kwanza: mtoto asilazimishwe. Akikataa dufu, apewe rangi. Akikataa vyote leo, baba aifanye kazi hiyo peke yake kando yake, na amwachie mlango wazi.

La pili: rangi au dufu lake lisizuiwe kwa adhabu. Kumnyang'anya mtoto chombo cha kumtuliza kwa sababu amekosa kutulia ni kumnyang'anya kipofu fimbo yake kwa sababu amejikwaa.

La tatu: tufani ikisha kushika, maneno yapunguzwe, watu waondoke, mwanga upunguzwe, na mto uwekwe baina ya kichwa na ukuta, baba akae karibu asubiri. Sanaa hurudi baada ya tufani kwisha.

La nne: mtoto akibadilika tabia kwa ghafula, kwanza apelekwe hospitali. Huenda ni jino, au sikio, au tumbo, naye hana maneno ya kusema. Na kifafa hutokea kwa watu hawa zaidi kuliko kwa wengine.

La tano: sanaa isishike pahala pa skuli, wala pa mafunzo ya kusema. Ni msaada pamoja navyo.

MASUALI NA MAJAWABU

Suali: Kufuata mwendo wa mtoto si kumdekeza?
Jawabu: Kumdekeza ni kumpa akitakacho ili anyamaze. Hapa hapewi kitu. Anafunzwa kazi, na kazi ina mwanzo, kimya na mwisho. Hiyo ni adabu, imefunzwa kwa njia ya mikono.

Suali: Baba asiyejua kupiga dufu wala kuchora afanyeje?
Jawabu: Mtoto hatafuti fundi. Kugonga meza kwa vidole kwatosha, na duara iliyopinda yatosha. Anachokipata mtoto ni mtu mzima aliyenyamaza, akamfuata.

Suali: Kazi hii si ya mama?
Jawabu: Mama ana usiku kucha na mchana kutwa na mtoto huyu. Dakika 10 za baba ni haki ya mtoto, na ni pumziko la mama. Na mtoto wa kiume atakapokua, atakwenda na nani katika mabaraza ya wanaume, ikiwa babake hakujifunza lugha yake?

Suali: Je, apelekwe msikitini, naye huenda akapiga kelele?
Jawabu: Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba Mtume, sala na salamu zimshukie, alikuwa akisikia kilio cha mtoto naye yumo katika sala, huifupisha, kwa kumhurumia mama yake. Hakuamrisha mtoto atolewe. Basi baba amzoeze kidogo kidogo: siku ya kwanza msikiti ukiwa mtupu, siku nyingine nje ya wakati wa vipaza sauti, huku ana kitu cha kushika mkononi. Na watu wa safu wajifunze kutogeuza shingo.

Suali: Matunda yataonekana lini?
Jawabu: Ahesabu kwa miezi. Wala asitazame kama tufani zimekwisha. Atazame kama zimepungua urefu, na kama mtoto ameanza kuliendea dufu au udongo kwa miguu yake kabla ya kufurika. Siku atakapoliendea mwenyewe, somo limeingia.

KHATIMA

Ajue kila baba kwamba jambo hili lina wakati wake. Tufani ya mtoto wa miaka 6 huzuiwa kwa mikono miwili ya mama. Tufani ya kijana wa miaka 20 haizuiwi na wanaume watatu. Wengi waliofungwa kamba uani hawakufungwa kwa kuchukiwa: walikua, wakawa na nguvu, na hapana aliyewafunza wakati walipokuwa wadogo namna ya kuutua mzigo wa moyo. Na wazazi hawadumu. Atakapozikwa baba, mali atakayomwachia mtoto huyu yaweza kuliwa na wengine. Lakini mkono uliozoea uzi, na sikio lililozoea kasida moja ya kutulia, havirithiwi na mtu mwingine wala havinyang'anywi.

Basi na atandike mkeka leo baada ya alasiri, aliweke dufu katikati, akae. Na asiseme neno mpaka mtoto apige kwanza.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.